Maneno manne kwenye kadi: kisa cha mgonjwa wa pumu aliyekuwa na dawa zote

Aliingia saa 8:10 usiku, na nilipomuuliza jina alitaja la kwanza tu, akavuta pumzi, akatikisa kichwa. Mume wake alikuwa nyuma yake na mfuko wa plastiki mkononi, akirudia jambo moja: "Sista, dawa anazo. Dawa zote anazo." Nilimsikia ila sikumsikiliza, maana mgonjwa alikuwa anazidiwa. Asubuhi ndipo niliporudi kwenye maneno hayo, na ndiyo yaliyonifanya niandike kisa hiki. Mambo yanayoweza kumtambulisha mgonjwa nimeyaondoa.

Ni mwanamke wa miaka 38, mwenye pumu tangu utotoni, aliyewahi kulazwa mara moja kwa ugonjwa huohuo. Kulazwa huko hakupaswi kupita hivihivi mtu anapochukua historia. Aliyewahi kulazwa kwa pumu yuko karibu zaidi na hatari kuliko asiyewahi, hata kama ameingia akitembea kwa miguu yake.

Alikaa ameinama mbele, viganja magotini, misuli ya shingo ikijivuta kwa kila pumzi. Nilihesabu pumzi zake kwa dakika nzima nikapata 32. Nasema dakika nzima kwa sababu pumzi ndicho kipimo tunachokibahatisha kuliko vyote. Kadi ngapi zimeandikwa 20 na mtu ambaye hakuangalia kifua hata mara moja! Mapigo ya moyo yalikuwa 124. Oksijeni kidoleni ilisoma asilimia 89 akivuta hewa ya kawaida. Alijitahidi kupuliza kifaa cha kupima kasi ya kutoa pumzi, kikasoma lita 170 kwa dakika, wakati kadi yake ilionyesha kwamba akiwa mzima hufika 420. Yaani alikuwa na asilimia 40 ya uwezo wake. Kwa mtu mzima, pumzi zaidi ya 30, moyo zaidi ya 120, oksijeni chini ya 90, kasi isiyozidi nusu ya ile bora, au kushindwa kumaliza sentensi, kila kimoja ni dalili ya shambulio kali. Yeye alikuwa navyo vyote.

Oksijeni ilikuwa ya kwanza, na lengo lilikuwa asilimia 93 hadi 95. Ndugu wa wagonjwa hutaka kuona 100, na baadhi yetu pia, lakini oksijeni iliyopitiliza inaweza kupandisha kabonidayoksaidi kwenye damu ya mtu ambaye tayari anashindwa kuitoa. Nebulaiza, mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa ukungu wa kuvuta, tuliiendesha kwa oksijeni badala ya hewa, kwa kuwa oksijeni yake ilikuwa chini. Ndani yake tuliweka dawa mbili za kufungua njia za hewa: salbutamoli miligramu 5 pamoja na ipratropiamu miligramu 0.5, kisha kurudia kila baada ya dakika 20 katika saa ile ya kwanza. Angekuwa na shambulio jepesi zaidi, pampu na spesa, ile chupa ya plastiki inayounganishwa na pampu, vingetosha kabisa; mipulizo 4 hadi 10 kwa spesa hufanya kazi sawa na nebulaiza, ingawa wagonjwa wengi huamini mashine kwa sababu inanguruma.

Prednisoloni, kidonge cha kupunguza uvimbe, miligramu 50, alimeza kabla ya nebulaiza ya pili. Hapa nilisisitiza, kwa sababu usiku kidonge hiki husahaulika kirahisi: macho yote huwa kwenye barakoa na moshi wake. Salbutamoli hulegeza misuli iliyobana njia za hewa, na nafuu huonekana kwa dakika. Uvimbe na makohozi yaliyoziba ndani havijaguswa. Hivyo vinamsubiri prednisoloni, naye huchukua saa 4 au zaidi kuanza kuonekana. Ukichelewa kumpa mgonjwa kidonge saa 8 usiku, unamchelewesha kupumua alfajiri. Na kama anaweza kumeza, kidonge hakizidiwi na sindano.

Saa 8:45 mwenzangu, kijana aliyeanza zamu za usiku karibuni, alinifuata akiwa na furaha: "Mluzi umeisha, ametulia." Nilikwenda na kuweka stethoskopu mgongoni. Kweli, mluzi haukuwepo. Lakini na sauti ya hewa kuingia haikuwepo. Mgonjwa alikuwa amefumba macho, kichwa kimelalia bega, na pumzi zimeshuka hadi 24. Kwenye karatasi namba hiyo ilionekana nzuri kuliko 32.

Kifua kilichonyamaza kwa mgonjwa wa pumu ni habari mbaya kuliko kifua kinachopiga filimbi. Mluzi unatokea hewa inapopita kwenye njia nyembamba; hewa ikikoma kupita, hakuna cha kupiga mluzi. Pumzi zilizopungua kwa mtu aliyechoka hazimaanishi nafuu, misuli imeshindwa. Hata kipimo cha damu katika hali hiyo hudanganya asiyejua: mtu anayepumua haraka huwa na kabonidayoksaidi ya chini, kwa hiyo ikionekana "ya kawaida" katikati ya shambulio, ujue inapanda. Nilimwita daktari wa zamu kwa maneno machache: kifua kimya, anasinzia, oksijeni 90 akiwa kwenye nebulaiza. Alifika haraka. Tulianza magnesiamu salfeti, dawa nyingine ya kulegeza njia za hewa, gramu 2 kwenye mshipa kwa dakika 20, mimi nikibaki kando ya kitanda nikipima presha kila dakika 5, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuishusha. Mtaalamu wa ganzi aliarifiwa mapema ili awe tayari kama angehitaji kupumuliwa kwa mashine, asije akatafutwa baadaye.

Yapata saa 9:20 mluzi ulirudi, mkubwa, kifua kizima. Nilimwambia yule mwenzangu aje asikilize, na nadhani hatasahau: ule mluzi ulikuwa ndiyo nafuu yenyewe.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda taratibu. Mikono ilimtetemeka, moyo ukagonga 130 kwa muda, potasiamu ikashuka hadi milimoli 3.1 kwa lita na kuongezwa. Yote hayo ni kazi ya salbutamoli nyingi, na ndiyo maana anayeipata kwa wingi huwekwa chini ya uangalizi. Saa 12 asubuhi alizungumza sentensi nzima. Kasi yake ilifika lita 270.

Kwa kitabu cha zamu, kisa kingeishia hapo. Shambulio kali, limetibiwa, mgonjwa anaendelea vizuri, dawa za nyumbani ziendelee. Nilikuwa nimeshika kalamu kuandika hivyo hasa. Nikafungua kadi yake ya kliniki kunakili dozi, nikakuta ziara ya wiki 6 zilizopita. Chini ya maagizo ya daktari paliandikwa: "Ameelekezwa matumizi ya dawa." Mwandiko ulikuwa wangu.

Sikumbuki siku ile. Naweza kuikisia, kwa kuwa siku za kliniki zinafanana: foleni ndefu, pampu mbili mezani, ya buluu na ya kahawia. "Hii ukibanwa, hii asubuhi na jioni. Sawa dada? Unajua kuzitumia?" Naye, aliyeishi na pumu zaidi ya miaka 30, angejibu nini zaidi ya ndiyo? Swali la namna hiyo linaomba heshima, haliombi habari. Mtu mzima hatasema mbele ya watu kwamba hajui kuvuta dawa aliyoivuta tangu utotoni.

Nilivuta kiti, nikamwomba mume wake alete ule mfuko. "Dada," nikamwambia, "sitaki kukufundisha kitu. Nionyeshe tu unavyofanya, kama vile mimi sipo."

Alichukua pampu ya buluu, ile ya salbutamoli. Akaitikisa, akaiweka mdomoni, akabonyeza mara mbili mfululizo, kisha akavuta hewa kwa nguvu kama mtu anayeshtuka. Moshi mweupe ulimtoka pembeni mwa midomo kabla hajaanza kuvuta. Akaachia pumzi papo hapo. Sehemu kubwa ya dawa ilibaki kwenye ulimi na hewani. Pampu ya aina ile inataka mtu atoe kwanza pumzi yote taratibu, aanze kuvuta polepole, abonyeze mara moja tu mvuto unapoanza, aendelee kuvuta hadi kifua kijae, kisha azuie pumzi kama sekunde 10. Mpulizo wa pili unasubiri nusu dakika. Ukipuliza pasipo kuvuta, chembe za dawa zinagonga koo kwa kasi na kuishia hapo. Spesa inaondoa shida hii ya kuoanisha kidole na pumzi, na ningempa wiki 6 nyuma kama ningeomba kuona.

Kisha nikamuuliza pampu ile ameitumia tangu lini. Tangu siku ile ya kliniki. Mara ngapi kwa siku? "Miwili nikiamka, miwili mchana, miwili usiku." Mipulizo 6 kwa siku 42 ni 252. Kopo lile lina mipulizo 200. Kwa hesabu hiyo dawa yake ilikwisha siku ya 34, zaidi ya wiki moja kabla ya usiku ule. Ila kopo halikunyamaza. Gesi inayosukuma dawa hubaki hata dawa ikiisha, ukitikisa unasikia kimiminika, ukibonyeza linatoa moshi. Pampu yake haikuwa na kihesabio. Kwa zaidi ya wiki alikuwa anavuta mipulizo ambayo hakuna awezaye kusema ilibeba dawa kiasi gani.

Nilipomweleza, alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo bado linaniuma: "Mimi nilijua mwili umeizoea. Nikasema basi, hata hii imeniacha." Siku zote zile alijiona yeye ndiye aliyeshindwa na dawa. Wengine huambiwa waliweke kopo kwenye maji waone kama linaelea, kupima kama limejaa. Njia hiyo haiaminiki, na inaweza kuziba tundu la kutolea dawa. Pampu isiyo na kihesabio inahitaji tarehe iandikwe juu ya kopo siku linapofunguliwa, pamoja na hesabu ya lini litaisha. Kazi ya sekunde 20, na ingepaswa kufanywa na mimi.

Pampu ya kahawia, beklometasoni, ilikuwa karibu mpya. Aliitumia siku kama 10 akaiacha. Nilitegemea kusikia kwamba anaogopa steroidi, kundi la dawa za uvimbe ambalo beklometasoni na prednisoloni zote zimo, na kweli aliogopa: alisikia zinanenepesha na kulainisha mifupa. Lakini sababu ya kwanza aliyoitaja ilikuwa nyingine. "Ile nikivuta sisikii kitu." Na ya pili: mdomo ulianza kuwasha, ulimi ukapata utando mweupe. Hakuna aliyemwambia asukutue na kutema maji baada ya kuvuta. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa ile haifanywi isikike. Inapunguza uvimbe kwa siku na wiki, na kazi yake inaonekana katika vitu visivyotokea: usiku usioamka, ngazi unazopanda bila kusimama. Kuhusu hofu yake, sikumwambia kwamba steroidi haina madhara, kwa kuwa si kweli. Nilimwonyesha tofauti: dozi ya kila siku ya pampu huhesabiwa kwa mikrogramu na hufanya kazi mapafuni zaidi, ilhali kile kidonge cha usiku kilikuwa miligramu 50, yaani mikrogramu 50,000, kikapita mwili mzima. Anayekimbia pampu kwa hofu ya steroidi huishia kumeza steroidi nyingi zaidi kwa vidonge, shambulio baada ya shambulio. Hilo lilimgusa kuliko mahubiri yote.

Kwa nje, mtu huyu alikuwa "anatumia dawa". Kwa ndani, alikuwa anategemea pampu ya buluu peke yake, na hata hiyo ilikwisha. Mwaka 2019 miongozo ya GINA, jopo la kimataifa la pumu lililoanzishwa mwaka 1993, iliacha kupendekeza kwamba mtu mzima au kijana mwenye pumu atibiwe kwa dawa ya kutuliza ya muda mfupi peke yake. Sababu ni hii hii iliyokuwa kitandani mbele yangu: dawa inayofungua haraka humfanya mtu ajione yuko salama huku uvimbe ukikua. Uingereza ilipochambua vifo vya pumu na kutoa ripoti mwaka 2014, miongoni mwa waliokuwa wakitumia dawa hiyo na idadi ya pampu zao ikajulikana, asilimia 39 walikuwa wameandikiwa zaidi ya pampu 12 katika mwaka mmoja kabla ya kufa. Pampu ya tatu ndani ya mwaka inatosha kumfanya muuguzi aweke kalamu chini na kuuliza. Huyu alikuwa anamaliza moja kwa mwezi na siku chache.

Niliuliza pia dawa nyingine zote, hata matone ya macho. Watu hushangaa swali la macho, lakini matone ya timololi yanayotumika kwa presha ya macho huingia kwenye damu na yanaweza kuziba kifua cha mwenye pumu, kama propranololi ya vidonge. Hakuwa nayo. Ibuprofeni alishawahi kumeza mara nyingi bila shida, kwa hiyo sikumkataza. Pumu inayochochewa na aspirini na ndugu zake ipo, lakini kumnyima kila mwenye pumu dawa ya maumivu ni kumwongezea mzigo usio wake.

Daktari na mimi tuliketi naye pamoja. Njia moja ilikuwa kuongeza dozi na aina ya dawa, kama afanyiwavyo mtu ambaye matibabu yamemshinda. Lakini matibabu hayakumshinda, hayakumfikia. Daktari aliamua aache pampu mbili na kupewa moja yenye budesonidi, ambayo ni dawa ya uvimbe, na fomoteroli, inayofungua njia za hewa, pamoja: mivuto 2 asubuhi, 2 jioni, na mvuto 1 wa ziada kila anapobanwa, isizidi 6 kwa wakati mmoja wala 12 kwa siku nzima. Nauona huo kuwa uamuzi wenye busara, na si kwa sababu ya dawa tu. Mtu anayebanwa atakimbilia kinachompa nafuu, ndivyo tulivyo. Kwa pampu hii, kila anapokimbilia nafuu anabeba na dawa ya uvimbe, atake asitake.

Tatizo jipya ni kwamba kifaa kile ni cha unga mkavu. Hakitikiswi, hakina moshi, na mvuto wake ni kinyume cha pampu ya zamani: wa haraka na wa nguvu, kwa kuwa unga haujisukumi wenyewe, unasubiri pumzi ya mgonjwa iuchukue. Pumzi ya kutoa itolewe pembeni, kamwe isiingie ndani ya kifaa, maana unyevu hugandisha unga. Mara ya kwanza alikitikisa na kuvuta polepole, kama nilivyotoka kumweleza kuhusu ile ya buluu. Kosa lilikuwa langu, nilimfundisha vifaa viwili asubuhi moja. Mara ya pili alipulizia ndani. Mara ya tatu alifanya vizuri, nikamwomba amfundishe mume wake huku mimi nimekaa kimya. Alipomkaripia, "Hapana, geuza uso kwanza!", nilijua limeingia.

Aliruhusiwa siku ya pili, kasi ikiwa lita 360. Prednisoloni aliondoka nayo ya kukamilisha siku 5, ameze asubuhi baada ya kula ili isimnyime usingizi. Kwa muda mfupi namna hiyo hakuna haja ya kuipunguza taratibu, ila asiiache siku ya tatu kwa kuwa amejisikia vizuri. Tuliandika karatasi moja kwa lugha yake mwenyewe. Afanye nini siku njema. Afanye nini akianza kuamka usiku au kuhitaji mivuto ya ziada kila siku. Na lini asimsubiri mtu yeyote: mivuto 6 isipomfungua, akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi, au kasi ikishuka chini ya 210, ambayo ni nusu ya ile yake bora. Mume wake ndiye aliyetaka hiyo 210 iandikwe kwa herufi kubwa.

Alirudi kuangaliwa siku ya 5 baada ya kutoka, kisha wiki ya 3. Kasi ilikuwa 415. Hakuwa ameamka usiku kwa siku 12. Kidirisha cha dozi kilikuwa kinakaribia 30 kutoka 120, na hesabu ilikubali: mivuto 84 ya kila siku kwa siku 21, na michache ya ziada aliyoikumbuka. Aliuliza ataivuta mpaka lini. Nilimjibu kwamba akikaa miezi 3 bila dalili daktari ataangalia kama dozi ishushwe, lakini kuiacha kabisa siwezi kumwahidi. Hakulipenda jibu, na sikujaribu kulipamba.

Nilimwomba anionyeshe tena. Alisahau kutoa pumzi kabla ya kuvuta, akarudia, akapatia. Kwenye kadi, chini ya ule mwandiko wa wiki 9 zilizopita, niliandika: "Amevuta mbele yangu. Mara ya kwanza hakutoa pumzi kwanza, mara ya pili sahihi. Anasukutua. Dozi zilizobaki karibu 30, zitaisha ndani ya siku 7, apewe nyingine leo. Aonyeshe tena ziara ijayo."